Swichi ya ukutani: ipi ya chumbani, ipi ya bafuni, ipi ya kuiachia dukani

Shangazi yangu anajenga Ujiji, hapa Kigoma. Mbele kuna nyumba yake ya vyumba vitatu na sebule, nyuma kuna safu ya vyumba vinne vya kupangisha. Mafundi walipofika hatua ya kuchimba mifereji ukutani kupitisha paipu za waya, alinipigia simu nikiwa kazini Mwanga. "Baba, njoo. Nimeletewa swichi za kuchagua na mimi zote naziona nyeupe."

Nikaenda jioni. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kulazimishwa kula wali kwa migebuka kwanza, alizipanga juu ya mkeka. Mbili nyeupe za kawaida zilizofanana kama mapacha, ila moja bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya mwenzake. Moja ya kioo cheusi, ya kugusa. Moja ya kuvuta kwa kamba. Na moja kubwa nzito yenye kitaa chekundu. Swali lake lilikuwa la haki kabisa: kama zote zinawasha taa, tofauti ya pesa inakwenda wapi?

Nikatoa bisibisi. Hakuna namna ya kulijibu swali hilo bila kuzifungua.

Mapacha wawili weupe

Swichi haitengenezi umeme wala haiupunguzi. Inakata njia na kuiunganisha, basi. Laini, yaani waya unaoleta umeme, inatoka kwenye sakiti breka, inashuka ukutani hadi kwenye swichi, inapanda tena kwenda kwenye holda ya taa, halafu safari inarudi kwa waya wa nyutro bila kupita kwenye swichi. Ndiyo maana ukifungua boksi la swichi katika nyumba zetu nyingi utakuta waya mbili tu, na zote mbili ni upande wa laini: moja inaleta, nyingine inapeleka. Liweke hilo kichwani, tutalihitaji tukifika kwenye kile kioo cheusi.

Kuwasha ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuzima. Ncha mbili za chuma zinapoachana, umeme hautaki kukatika. Unaruka kwenye upenyo ule mdogo na kuwa cheche yenye joto la kuyeyusha chuma. Zima taa usiku mahali penye giza, mara nyingine utaona mmweko wa bluu pembeni mwa kitufe. Ncha zikiachana polepole, cheche inadumu na kula chuma, leo kidogo na kesho kidogo, mpaka swichi inaanza kunguruma. Dawa yake ni springi. Mwaka 1884 John Henry Holmes wa Newcastle, Uingereza, alitengeneza swichi ambayo ncha zake zinaachana kwa nguvu ya springi, haraka, hata kama kidole cha mtu ni kizito. Ule mlio wa "tak" unaousikia mpaka leo ni wa ukoo huohuo.

Umeme wa gridi nao unasaidia. Ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, maana yake unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Kila ukifika sifuri, cheche inakosa chakula na kufa. Umeme wa betri hauna pumziko hilo, nitakuja kulisema hilo baadaye kwa sababu ya mjomba.

Sasa nikamwambia shangazi afumbe macho, nikamwekea swichi moja kila kiganja. "Hii ya kulia ina uzito." Ndiyo kipimo cha kwanza, na hakidanganyi mara nyingi: uzito ni bati nene na vifungo vya shaba. Kipimo cha pili, bonyeza kitufe polepole sana, kama unataka kukisimamisha katikati. Ile ya bei ilikataa. Ikifika katikati inaruka yenyewe upande wa pili. Ile rahisi ilisimama katikati kabisa, kama mbuzi aliyefika darajani akasita. Swichi inayokubali kusimama hapo itakubali pia kuchezeshwa na mtoto, na cheche itakuwa inapika ndani wakati wewe uko jikoni.

Nikazifungua zote mbili. Ndani ya ile nzuri, kwenye ncha zinazogusana, kulikuwa na vidoa viwili vyeupe vya kung'aa, kila kimoja kama punje ya ulezi. Hiyo ni aloi ya fedha, yaani fedha iliyochanganywa na metali nyingine. Fedha si urembo pale. Kila chuma kinachopata cheche hujenga utando juu yake, na utando wa fedha bado unapitisha umeme vizuri, wakati wa shaba tupu unazuia. Njia ikizuiwa, panapata joto. Joto linachosha springi. Springi ikichoka ncha zinagusana kwa ulegevu, na ulegevu unaongeza joto. Mwisho wake ni lile doa la kahawia kwenye plastiki ambalo watu hulifuta kwa sabuni wakidhani ni uchafu. Ile rahisi haikuwa na vidoa. Bati jembamba la njano linagusana na bati jembamba la njano.

Cha tatu ni skrubu za kubana waya. Za shaba hazipati kutu. Za chuma kilichopakwa rangi zinapata, na sisi tuko kando ya ziwa. Nimewahi kufungua swichi kwenye nyumba moja Kibirizi, hatua chache kutoka majini, skrubu imeganda mpaka nikalazimika kukata waya. Jaribu pia kuzikaza palepale dukani: skrubu inayozunguka bila kukaza ikiwa mpya haitakuja kukaza ikiwa ukutani.

Cha nne kinasomwa. Geuza swichi uangalie mgongoni. Ile nzuri iliandikwa 10AX 250V~. Namba 10 ni ampea inazoweza kubeba. Kijimstari cha mawimbi kinasema ni ya umeme wa gridi, si wa betri. Herufi X ndiyo watu wengi wanairuka: inaonyesha swichi imepimwa kwa taa za tyubu, ambazo ni chakula kigumu kuliko balbu ya zamani ya waya. Balbu za LED nazo zina tabia yao. Kila moja inakula kidogo, ya wati 9 haifiki hata ampea 0.1, lakini sekunde ileile ya kuwashwa inavuta umeme mwingi mara moja ili kujaza kapasita, kihifadhi kidogo cha umeme kilicho ndani. Moja haina neno. Ukifunga kumi na tano kwenye swichi moja ya ukumbi, ule mvuto wa pamoja unaweza kuziunganisha ncha dhaifu zikang'ang'aniana, na taa zikakataa kuzimika.

Ile rahisi mgongoni haikuwa na kitu. Hata nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nilitafuta sikuiona.

Uamuzi wangu kwa mapacha hawa haukuwa wa kati na kati. Chukua nzito, nyumba yote, hata vyumba vya wapangaji. Hasa vya wapangaji, kwa sababu mpangaji hatakuambia swichi inanguruma mpaka siku itakapotoa moshi. Kama pesa haitoshi, punguza idadi ya taa za mapambo kwenye dari, usipunguze hapa.

Kuhusu plastiki yenyewe sina mengi. Kuna ile ngumu inayong'aa kama sahani, haiyeyuki na haichubuki upesi lakini ukikaza skrubu kupita kiasi inapasuka pembeni. Kuna inayopinda kidogo bila kupasuka. Zote mbili nzuri. Mbaya ni ile laini inayoingia kucha na kugeuka njano baada ya muda. Bamba za chuma zinazong'aa kama dhahabu, ambazo siku hizi zinapendwa sana, uzichukue tu kama waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini kwa usalama, umefika kwenye kila boksi la swichi. Nyumba nyingi hapa ethi inaishia kwenye soketi. Bamba la chuma lisilo na ethi, laini ikichomoka nyuma yake, ukiligusa umeigusa laini.

Na vipimo: chukua bamba la mraba la milimita 86 kwa 86, la mtindo wa Kiingereza, ndilo linaloingia kwenye boksi za kwetu. Zipo ndefu za mstatili zinazovutia macho. Boksi lako halitazikubali.

Njia moja au njia mbili: hapa amua kabla ya plasta

Swichi ya njia moja, ambayo dukani ukisema "wani wei" unaeleweka haraka zaidi, ina matundu mawili ya waya. Kwa desturi ya Kiingereza tuliyoirithi, kubonyeza chini ni kuwasha na juu ni kuzima. Wamarekani wanafanya kinyume, kwa hiyo usishangae ukiona kwenye video yao mtu anawasha taa kwa kupandisha.

Ya njia mbili, "tuu wei", ina matundu matatu. Tundu moja ni la pamoja, mengine mawili ni ya kuchagua. Inapobonyezwa haikati, inahamisha umeme kutoka waya mmoja kwenda mwingine, kama reli inavyohamishwa pale stesheni treni iingie njia hii au ile. Ukiweka mbili, moja mwanzo wa korido na nyingine mwisho, na kuziunganisha kwa waya mbili katikati, taa itawaka zote mbili zikichagua waya mmoja, na itazima zikitofautiana. Ndiyo maana kwenye swichi za namna hii juu na chini hakuna maana tena. Mtu akikuambia swichi yake ya ngazi "imegeuka", haijageuka, ndivyo ilivyo. Ukitaka sehemu ya tatu, katikati ya hizo mbili unaongeza swichi ya matundu manne inayovusha waya zile mbili msalaba.

Shangazi aliuliza kama zote tununue za njia mbili. Si wazo baya. Swichi ya njia mbili inaweza kutumika kama ya njia moja. Unatumia tundu la pamoja na moja kati ya yale mawili, tundu la tatu linabaki tupu. Mimi hununua za akiba za namna hiyo. Lakini gharama kubwa ya njia mbili iko kwenye zile waya za ziada na paipu ya kuzipitisha, siyo kwenye swichi, na hizo lazima ziingie ukutani kabla fundi plasta hajafika. Baada ya hapo utakuwa unachimba ukuta uliopakwa rangi.

Tulihesabu pamoja wapi panastahili. Korido ya wapangaji, ndiyo: mtu anarudi saa nne usiku kutoka mwaloni, anawasha mwanzo wa korido na kuzima akifika mlangoni kwake, na taa ya pamoja haimalizi uniti za LUKU, mita ya kulipia kabla, mpaka asubuhi huku kila mmoja akimtazama mwenzake. Chumbani kwa shangazi, ndiyo: moja mlangoni, moja kando ya kitanda, kwa sababu magoti yake si ya jana. Sebuleni hapana. Jikoni hapana, lina mlango mmoja.

Hapa lazima nionye, kwa sababu nimeiona kazi hii mara mbili. Kuna fundi anayeokoa waya kwa kupeleka laini na nyutro kwenye swichi zote mbili, na taa anaifunga katikati yao. Taa inawaka na kuzima kama kawaida na mwenye nyumba anafurahi. Ila kwenye mkao mmoja, taa ikiwa imezima, pande zote mbili za holda zina laini. Unapanda kwenye stuli kubadili balbu ukiamini umezima, kumbe umeshika moto wa pande zote. Muulize fundi wako kabla: "Nyutro inafika kwenye swichi za korido?" Kwa taa ya kawaida ya njia mbili jibu lifanane na hili: nyutro inakwenda moja kwa moja kwenye taa, swichi zinachezea laini peke yake.

Kosa la jamaa na hilo ni swichi ya kawaida kukata nyutro badala ya laini. Dalili yake moja ni balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu wa mbalamwezi baada ya kuzimwa. Si kila mwanga wa namna hiyo ni kosa hilo, lakini ukiuona, zima breka, muite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime. Testa ya shilingi chache inatosha kuonyesha: swichi ikiwa imezimwa, holda isiwe na moto.

Bafuni: kamba, nje ya mlango, na ile kubwa nyekundu

Uingereza hawaruhusu swichi ya kawaida ya ukutani mahali mtu anayeoga anaweza kuifikia. Wanaweka ya dari yenye kamba, ili mkono wenye maji ushike uzi usiopitisha umeme na ncha zibaki juu pakavu. Ndani ni springi na gurudumu dogo lenye meno: vuta mara moja linageuka hatua moja, taa inawaka, vuta tena, inazima.

Kwa hapa kwetu nailinganisha na njia ya zamani, ya kuweka swichi ya kawaida nje ya mlango wa bafu. Kamba inakupa uhuru wa kuwasha ukiwa ndani. Lakini kamba inachafuka, watoto wanabembea, na ikikatika unapanda ngazi. Nje ya mlango ni rahisi, nafuu, na swichi inakaa pakavu. Ubaya wake anaujua kila aliyekulia nyumba yenye wadogo zake: unazimiwa taa ukiwa na sabuni machoni. Kwa bafu la wapangaji nilichagua nje ya mlango. Kwa bafu la shangazi lililo ndani ya chumba chake, kamba.

Ile nzito yenye kitaa chekundu ilikuwa kwa ajili ya maji moto, na hapa usikubali mjadala. Kichwa cha kuogea kinachochemsha maji papo hapo, cha wati 5,500, kinavuta karibu ampea 24. Gawanya tu wati kwa volti 230. Swichi ya taa ya ampea 10 ukiifungia mzigo huo, haitalalamika siku ya kwanza. Italalamika kwa harufu. Panahitajika swichi ya ampea 45, ileile ya jiko la umeme, na waya wa milimita za mraba 4 au 6 kutegemea urefu na breka. Kama ni tangi la kuchemshia maji la wati 3,000, yaani ampea 13, swichi ya ampea 20 inatosha.

Tofauti nyingine ya swichi hizi haionekani kwa nje: zinakata laini na nyutro kwa pamoja. Kwa taa hilo si lazima. Kwa chombo kinachochemsha maji yanayokumwagikia kichwani, ni lazima, maana hata kama mtu huko nyuma alizipindisha laini na nyutro, ukizima umezima kweli. Kitaa chekundu kinakukumbusha hita inawaka. Iweke nje ya bafu nayo. Swichi yoyote haikukingi na umeme unaovuja; hiyo ni kazi ya ethi na kile kifaa cha kukata kwa miliampea 30 kwenye kisanduku cha breka.

Kitaa hichohicho kwenye swichi ya taa ya kawaida ni jambo tofauti. Ni kizuri gizani, unaiona swichi. Lakini kinawaka kwa kupitisha umeme kidogo sana kupitia balbu yenyewe, na baadhi ya LED zinaudaka ule kidogo na kuwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache usiku kucha. Kama una LED nyumba nzima, acha.

Ya baraza na ya choo cha uani, kama itapigwa na mvua, nunua boksi lenye kifuniko na maandishi IP55 au zaidi. Tarakimu ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi, ya pili dhidi ya maji.

Feni ya dari ina kidhibiti chake cha mwendo. Usiifungie kile cha kupunguza mwanga wa taa, mota italia na kupata joto. Na hicho cha kupunguza mwanga hakina maana mpaka balbu yenyewe iwe imeandikwa kwamba inakubali kupunguzwa. Nyingi za madukani kwetu hazikubali.

Kioo cheusi

Shangazi alikuwa anakingoja hiki. Nilijua tangu nilipouona mkono wake ukikirudia.

Uzuri wake ni wa kweli. Hakina kitufe cha kuchakaa, unakifuta kwa kitambaa, na kinachoungana na simu unaweza kukizima ukiwa Kasulu. Ndani yake hamna ncha zinazosukumwa na kidole. Kuna kifaa kidogo kinachohisi kidole na kingine kinachofunga na kufungua njia.

Shida inaanzia kwenye zile waya mbili nilizokuambia uziweke kichwani. Swichi ya kawaida haili umeme. Hii inakula, saa zote, hata taa ikiwa imezima, kwa sababu lazima iwe macho kukihisi kidole. Ili ijilishe, inahitaji laini na nyutro, na boksi letu halina nyutro. Watengenezaji wamejibu kwa mbinu mbili. Zipo zinazohitaji nyutro, na hizo hufanya kazi kwa utulivu. Zipo zisizohitaji, ambazo hupitisha umeme kidogo kwenye balbu ili zijilishe, na LED ndogo inabaki na mwanga au inawaka na kuzima. Hapo unaambiwa ufunge kapasita kwenye taa. Inafanya kazi, lakini umeongeza kitu cha kuharibika huko juu ya dari.

Halafu kuna umeme wenyewe. Kigoma tulikaa miaka mingi na majenereta ya dizeli kabla ya gridi kutufikia, na kukatika tunakujua. Swichi ya kitufe umeme ukirudi inabaki pale ulipoiacha. Ya kugusa, nyingine hurudi imezima, nyingine hurudi imewasha, na nyingine inategemea mpangilio uliouweka kwenye simu. Soma karatasi yake kabla hujalipa. Radi nazo si haba huku kwetu, na umeme unaopanda ghafla unaua ubongo mdogo wa kifaa kabla haujaua kipande cha shaba. Ya kitufe ikifa, fundi yeyote ana mbadala mfukoni. Ya kioo ikifa, unasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam, na ukipata, huenda si ya umbo lile.

Nilimwambia hayo yote. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Baba, wageni wangu hawataingia kwenye boksi kuangalia nyutro. Wataangalia ukuta."

Mjomba na betri yake

Mjomba alikuwa amekaa pembeni akinywa chai. Yeye yuko Ilagala, ana sola ya betri ya volti 12, na aliuliza kama swichi nzuri hizi zinamfaa. Kwa taa zake, ndiyo: taa ya wati 5 kwenye volti 12 inavuta ampea 0.4 tu, na kwa volti ndogo namna hiyo cheche haipati nguvu ya kudumu. Ila asije akathubutu kuiweka kati ya paneli na mashine ya kudhibiti chaji, hasa paneli zikiwa zimeunganishwa mfululizo mpaka volti zinapita mia. Umeme ule haupiti sifuri. Cheche ikiwaka inabaki inawaka, na swichi inayeyuka ikiwa "imezimwa". Hapo panatakiwa swichi iliyoandikwa DC, yaani ya umeme wa betri na sola, na volti zake.

Tulichonunua

Kesho yake tulikwenda mjini na karatasi. Swichi nzito za 10AX kwa vyumba vyote. Jozi moja ya njia mbili kwa korido na jozi nyingine kwa chumba chake, pamoja na mbili za akiba. Ya kamba, moja. Ya ampea 45 moja, kwa bafu lake. Wapangaji wanachemsha kwa mkaa au wanaoga ya baridi. Yenye boksi la IP55, moja, uani.

Na ya kioo, moja, ile inayohitaji nyutro. Fundi alikuwa hajafunika mfereji wa sebuleni, nikamwomba aongeze waya wa bluu, yaani nyutro, mpaka kwenye lile boksi peke yake, na boksi lenyewe libadilishwe liwe la kina cha milimita 35, maana mgongo wa kioo ni mnene. Pembeni mwake, juu ya soketi ya televisheni, nikaweka swichi ya kawaida ya taa ya pili, isiyotegemea kioo. Shangazi aliiona, akauliza ni ya nini.

Nikamwambia ni ya siku ya radi.

"Haya," akasema. "Lakini iweke chini kidogo, nyuma ya pazia."